Soseji Nyeupe za Dublin

Saa moja na robo imekwisha. Mfuniko unainuliwa, mvuke unapanda, na unapotawanyika macho yanaangukia soseji zilizopauka kama vidole vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Kandokando yake viazi vimelegea kingo, vipande vya bekoni vina rangi ya waridi, na mchuzi ni mweupe-mweupe kama maji ya kuoshea mchele. Sufuria nzima haina hata doa la dhahabu.

Mtu aliyejifunza kupika katika majiko yetu, ambako karibu kila mchuzi huanza kwa kitunguu kugeuka rangi kwenye mafuta mpaka jirani ajue kuna kinachopikwa, hawezi kujizuia kuuliza.

Kwa nini hawakuzikaanga kwanza?

Swali hilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Kwenye ubao wa menyu huko Dublin, mji mkuu wa Ireland, chakula hiki huandikwa coddle. Mimi nitakiita kodoli, kama ulimi wetu unavyotaka. Ni soseji za nguruwe, bekoni, vitunguu na viazi, vyote vimepikwa pamoja ndani ya maji kidogo. Kila picha yake inayowekwa mtandaoni huzua kicheko, na kila kicheko humzindua Mdublin mmoja kuja kukitetea chakula cha mama yake. Jibu jepesi ni kwamba hawajui kupika. Nimelikataa jibu hilo, kwa sababu watu wanaobishana vikali namna ile juu ya kama karoti iingie au isiingie hawawezi kuwa watu wasiojali.

Neno lenye maana mbili

Kitenzi cha Kiingereza kilichozaa jina hili kina maana mbili. Ya kwanza ni kupika kitu taratibu ndani ya maji yaliyo chini kidogo ya kiwango cha kuchemka, kama yai. Ya pili ni kudekeza.

Zote mbili zinafaa hapa. Soseji ya kodoli haipigwi na moto, inadekezwa. Na hilo si pambo la lugha, ndiyo maelekezo yenyewe ya upishi.

Sisi tunacho kitu cha karibu zaidi kuliko tunavyodhani. Samaki wa chukuchuku, kuku mchemsho, ndizi na nyama zilizowekwa sufuriani zikiwa mbichi pamoja na maji na chumvi: hakuna anayeuliza kwa nini havikukaangwa. Ni soseji inayotuchanganya. Tumeizoea ikitoka kwenye kikaango, na tukiiona nyeupe tunadhani mpishi ameisahau njiani.

Chumba kimoja, moto mmoja

Nilianza na maelezo ya umaskini, maana ndiyo yanayokuja haraka. Sensa ya mwaka 1911 ilikuta familia karibu 26,000 zikiishi katika nyumba za kupanga za katikati ya Dublin, na 20,000 kati ya hizo zilikuwa na chumba kimoja tu. Nyumba namba 14 ya Henrietta Street, ambayo leo ni makumbusho, mwaka huo ilikuwa na watu 100 wa familia 17. Hapo zamani ilijengwa kwa ajili ya tajiri mmoja.

Katika chumba cha namna hiyo, kikaango ni usumbufu. Kinataka mtu asimame, kinarusha mafuta, kinajaza moshi kwenye hewa ambayo watoto wanalala ndani yake. Sufuria yenye mfuniko hukaa pembeni mwa moto unaofifia, mpishi akaendelea na mengine. Aliyechelewa kurudi, awe anatoka kazini au baa, anakuta chakula ni kilekile. Anayepikia jiko la makaa analielewa hili bila kuelezwa: kuna chakula cha moto mkali wa mwanzo, na kuna chakula cha makaa yanayoelekea kuwa majivu.

Halafu kuna Alhamisi. Wakatoliki hawakula nyama siku ya Ijumaa, hivyo soseji na bekoni zilizobaki kwenye wiki ziliingia sufuriani usiku wa Alhamisi zisije zikaharibika. Mwaka 1966 Papa Paulo VI aliwaachia maaskofu wa kila nchi waamue namna ya kuishika Ijumaa, na kamba ikalegea.

Lakini maelezo haya hayanitoshi. Vyumba vya familia nzima vimekwisha, Ijumaa imelegea, kila nyumba ina jiko la gesi au la umeme na kikaango kisichogandisha. Baa ya John Kavanagh kule Glasnevin, mtaa wa Dublin, iliyofunguliwa mwaka 1833 ubavuni mwa makaburi na ambayo watu huiita The Gravediggers, yaani wachimba makaburi, bado huuza kodoli kwa bakuli. Ingekuwa ni umaskini tu, wangekwisha kuanza kukaanga.

Sufuria mbili

Njia ya kulimaliza swali ni kupika mara mbili kwa wakati mmoja. Soseji za pakiti moja, viazi vya gunia moja, maji yaliyopimwa. Sufuria ya kwanza kila kitu mbichi. Ya pili, soseji zimekaangwa vizuri kwanza.

Angalia baada ya dakika 20.

Rangi ya soseji zilizokaangwa haipo tena pale ilipokuwa. Imehamia kwenye mchuzi.

Hapa ndipo mawazo yangu yaligeuka. Ule ukoko wa kahawia tunaoupenda hutokea pale uso wa nyama ukiwa mkavu na joto limefika nyuzi 140 hivi. Ndani ya maji joto haliwezi kupita 100, na ukoko uliokwisha kutengenezwa unalowa, unalainika, unayeyukia kwenye supu. Baada ya saa moja unachopata ni soseji yenye ngozi laini ya rangi ya udongo, haina ukavu wa kikaango wala ulaini wa ile ya kwanza. Umelipa gharama ya kukaanga na hukupewa bidhaa.

Mchuzi nao unabadilika. Wa sufuria ya pili una ladha ya kukaanga, ladha nzuri, lakini imeketi juu ya kila kitu. Ule wa kwanza unakuonyesha vitu kimoja kimoja: utamu wa kitunguu kilichoyeyuka, moshi wa bekoni, pilipili manga, viungo vilivyokuwa ndani ya soseji na sasa vimo kwenye maji. Unga wa viazi umeushika mchuzi kiasi cha kufunika mgongo wa kijiko.

Niseme kwa haki kwamba kodoli ya kahawia ipo Dublin kwenyewe. Kuna familia zinazomimina pakiti ya supu ya mkia wa ng'ombe, na hazitaki kusikia la mtu. Ni chakula kizuri cha aina nyingine. Kinachonikera ni anayekaanga kwa woga wa macho, si kwa kuipenda ladha.

Kama macho ndiyo shida, kuna njia ya katikati. Pika nyeupe hadi mwisho, kisha funua sufuria na uiweke chini ya moto wa juu wa oveni kwa dakika tano. Migongo ya soseji iliyochomoza juu ya mchuzi itapata rangi, na mchuzi utabaki ulivyo.

Vinavyoingia

Kwa watu wanne wenye njaa: soseji mbichi za nguruwe gramu 450, ambazo kwa pakiti ya Ireland ni nane, bekoni ya mgongoni, iliyokatwa nene, gramu 225, vitunguu vikubwa vitatu, viazi kilo moja na robo kabla ya kumenya, maji mililita 700, pilipili manga iliyosagwa papo hapo kijiko kimoja cha chai kilichojaa, na konzi ya pasli, majani mbali na vikonyo mbali. Wengine huongeza kijiko kimoja cha chakula cha shayiri ili kuzidisha uzito wa mchuzi. Thaimu kidogo haina madhara.

Chumvi haimo kwenye orodha kwa makusudi. Bekoni na soseji zimekuja nayo.

Soseji ndiyo inayoamua kila kitu. Ya Kiairishi ni laini, nyama yake imesagwa sana na kuchanganywa na chenga za mkate mkavu, ikatiwa pilipili nyeupe na viungo vichache. Chenga hizo hunyonya maji na mafuta, ndiyo maana soseji ikipikwa polepole inavimba na kuwa kama mto. Mji wa Dublin una historia ndefu ya mabucha wa nguruwe wenye asili ya Kijerumani, na majina kama Hafner na Olhausen wazee wa Dublin huyataja kwa sauti ileile wanayotumia kutaja timu ya mpira.

Viazi viwe vya unga. Nchini Ireland watu huchukua Rooster, kiazi chekundu kilichozalishwa kwenye kituo cha utafiti cha Oak Park, Carlow, au Kerr's Pink. Kenya, Shangi inafaa, ila inaiva upesi, kwa hiyo katakata vipande vikubwa au uchelewe kuitia. Popote ulipo jaribu hivi: chemsha kipande kimoja, kibonyeze kwa uma. Kikipasuka kama keki kavu, ndicho. Kikikatika na kung'aa kama nta, kitakaa salama sufuriani lakini hakitakupa mchuzi wowote.

Kupanga

Sufuria iwe nzito, ya lita nne au tano, yenye mfuniko unaobana.

Chukua viazi viwili au vitatu ukate vyembamba kama sarafu na uvitandaze chini kabisa. Hivi ni vya kufa. Vitayeyuka vyote, na ndivyo vitakavyoushika mchuzi bila unga wa ngano. Juu yake weka vitunguu vilivyokatwa pete nene, nusu ya pilipili manga na vikonyo vya pasli vilivyofungwa uzi. Kisha bekoni, kila kipande kikatwe mara tatu au nne. Kisha soseji, nzima, bila kutobolewa. Mwisho viazi vilivyobaki, kila kimoja nusu mbili au robo kama ni kikubwa.

Mimina maji mpaka yafike kimo cha soseji. Viazi vya juu vibaki nje.

Hapa wengi hushtuka na kuongeza maji, na hapa ndipo kodoli nyingi zinapoharibikia. Viazi vya juu vinaivishwa na mvuke, vinabaki na umbo lake, na vitunguu pamoja na nyama vitaongeza maji yao wenyewe. Ukivifunika viazi vyote kwa maji, utapika supu. Nzuri, lakini supu.

Moto

Chemsha mara moja tu. Mchuzi ukianza kuruka, punguza papo hapo hadi moto wa chini kabisa, funika, na usikilize. Unataka kiputo kimoja au viwili vikipanda sehemu moja, vikinyamaza, vikipanda tena. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 85 hadi 90. Acha hivyo kwa saa moja na robo. Kwenye oveni ni nyuzi 150 kwa saa mbili, na wavivu wenye busara hupenda njia hii kwa sababu joto linakuja kutoka pande zote na chini hakugandi.

Kwa nini si moto mkali? Ngozi ya soseji hujikunja inapopata joto, wakati huohuo nyama na chenga za mkate ndani yake zinavimba. Joto likipanda taratibu, vitu hivyo viwili vinapatana. Likipanda kwa fujo, ngozi inapasuka kwa urefu na nyama inamwagika kama uji. Pia maji yanayoruka hugonganisha viazi mpaka vipoteze kingo kabla katikati hakujaiva.

Usikoroge. Ukiwa na wasiwasi kwamba chini kunashika, shika masikio ya sufuria uitikise kidogo. Nyama ya nguruwe iliyosagwa ni salama ikifika nyuzi 71 katikati, na kwa muda huu imekwisha kupita hapo zamani.

Rangi, kwa wale bado wana mashaka: bekoni inabaki ya waridi kwa sababu ilihifadhiwa kwa chumvi yenye naitraiti, ambayo hushikilia rangi hata baada ya kupikwa. Soseji mbichi haina chumvi hiyo, basi inageuka ya kijivu kilichopauka. Weupe wake hauna maana kwamba ni mbichi.

Yanayokwenda kombo

Chumvi ndiyo adui wa kwanza. Bekoni ikiwa kali, itie kwenye maji baridi, ichemke mara moja, umwage maji hayo ndipo uanze. Chumvi ikishazidi kwenye chakula, kile kiazi kizima cha kunyonya chumvi kinachosifiwa sana hakitakuokoa: kinanyonya maji pamoja na chumvi yake, kinachobaki ni kikali vilevile. Punguza mchuzi kikombe kimoja, rudisha maji kikombe kimoja.

Mchuzi mwepesi hurekebishwa kwa kuponda viazi viwili kwenye ukuta wa sufuria na kuacha wazi dakika 10. Mafuta yakielea, zima moto, subiri dakika 10, uyaondoe kwa upawa. Bakiza kidogo. Kodoli isiyo na jicho hata moja la mafuta ina huzuni.

Kuhusu nyanya ninajua mkono unavyowasha. Mbali na kwamba sufuria itageuka kuwa mchuzi wa soseji wa kawaida kabisa, asidi ya nyanya huzuia kuta za kiazi kulainika. Utangoja saa mbili na viazi vitaendelea kuwa na kiini kigumu. Ndimu vilevile: kama huwezi kula bila ndimu, kamulia kwenye sahani.

Karoti ni ugomvi wa Wadublin wenyewe, na nimeamua kusimama na wanaoikataa. Inaleta utamu juu ya utamu wa kitunguu, na rangi yake inawahurumia watazamaji bila sababu. Pilipili mbuzi haina shughuli humu. Pilipili manga, ndiyo, na nyingi kuliko unavyodhani. Nusu iliyobaki tia mwishoni.

Kwa asiyekula nguruwe

Siwezi kudai kwamba ni kitu kilekile. Lakini kinapikika, na wengi wanaosoma hapa, kuanzia Unguja hadi Muscat, watakipika hivyo au wasikipike kabisa.

Tafuta soseji mbichi za ng'ombe kutoka bucha, si zile za moshi ambazo zimeivishwa kiwandani. Zilizoivishwa zina ngozi ngumu, zimekwisha kutoa ladha yake huko zilikotoka, na zikikaa saa nzima kwenye maji zinakuwa kama kifutio cha penseli. Kama ndizo pekee zilizopo, zitie dakika 15 za mwisho, na ladha ya mchuzi utaitafuta kwingine, kwa mfano supu nyepesi ya mifupa badala ya maji.

Badala ya bekoni, tumia nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi na kukatwa vipande vyembamba. Ile ya bata mzinga haina mafuta, basi ongeza kijiko cha chakula cha siagi. Kumbuka kwamba mafuta ya ng'ombe huganda mapema kuliko ya nguruwe, hata mdomoni. Yaondoe zaidi, pasha sahani kwa maji ya moto, na kila mtu awe mezani kabla hujapakua.

Mezani

Sahani ziwe na kina. Viazi kwanza, soseji mbili kwa kila mtu, kisha mchuzi, kisha majani ya pasli yaliyokatwa saa hiyohiyo. Pembeni ni mkate wa soda, ule usio na hamira unaoumuliwa na maziwa ya mgando na soda ya kuokea, wenye siagi isiyofanyiwa ubahili. Mkate wowote wenye ganda gumu utafanya kazi, mradi uweze kufuta sahani.

Ikibaki, iache ipoe, uiweke kwenye friji. Asubuhi utakuta mchuzi umeganda kama jeli na utando mweupe wa mafuta juu, unaotoka kwa kijiko bila taabu. Pasha kwa moto uleule mdogo na vijiko vinne vya maji. Kwa wakati huu vile viazi vya chini havionekani tena kabisa, na soseji, ambazo jana zilikuwa nyeupe, zimeanza kuchukua rangi ya mchuzi.

Bado si ya dhahabu.